Picha ya Mbele ya Kitanda cha Mama

Asubuhi, kabla ya kufungua studio, mpiga picha alimsimamisha mdogo wake uani, karibu na kamba ya nguo, ili ajaribu lenzi mpya. Mpera wa pembeni ukainamisha matawi mawili, moja kila upande, yakamzunguka binti huyo kuanzia kiunoni mpaka juu ya kichwa. Mpiga picha akabonyeza. Mdogo wake akachuma pera lililokuwa karibu na sikio lake, akaling'ata, na mti ukarudi ulivyokuwa.

Mambo yalikuwa hivyo tangu utotoni. Mpiga picha alijifunza kazi yake kwa jasho: usimwache mtu akielea kwenye picha, mtafutie mlango, dirisha au tawi la kumzingira, jicho lipate pa kuingilia. Kwa ajili ya wateja alilala kifudifudi vumbini na kupanda juu ya mapipa akitafuta tundu la kuwatosha. Kwa mdogo wake, fremu zilijileta. Milango ilifunguka nusu, mapazia yakajigawa. Aliyepewa kapewa, majirani walisema, wakaendelea kuanika nguo zao.

Mpiga picha aliona kijicho, na alijua ni kijicho. Alimpenda mdogo wake, alimfulia sare mpaka alipomaliza shule, na bado kila tawi lililoinama lilimchoma roho. Yeye hakuwemo kwenye picha hata moja ya familia. Tangu marehemu baba alipomkabidhi kamera, makazi yake yalikuwa nyuma ya kamera hiyo.

Kisha mama akawaita wote wawili chumbani.

"Macho yangu ndiyo yanakwenda hayo," alisema. "Daktari kasema hayarudi. Nataka picha moja ya wanangu wawili, niitundike hapo mbele ya kitanda, niitazame mpaka niizoee. Giza likiingia, niwe nayo kichwani."

Mpiga picha akachagua uwanja wa mpira. Hapakuwa na mti wala ukuta, nyasi tupu, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyotaka kukiri. Akaitegesha kamera ipige yenyewe, akakimbia kusimama kando ya mdogo wake.

Goli la upande wa barabarani likang'oka, likaja taratibu likipita katikati ya uwanja, likamzingira mdogo wake. Mlingoti mmoja ulisimama kati ya dada na dada. Golikipa, aliyekuwa akijinyoosha pale, aliuliza tu kama watalirudisha kabla ya mechi.

"Njoo huku ndani, dada," mdogo wake alisema.

Akaingia. Goli likajibana, likamwacha nje. Akamkumbatia mdogo wake kwa nguvu, mlingoti ukapenya kati ya mikono yao.

"Unafanya makusudi wewe!"

"Nimefanya nini, dada? Si nimesimama tu?"

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wakarudia mpaka betri ikaisha. Goli likarudi mahali pake, na mdogo wake akambebea stendi mpaka nyumbani.

Jioni alizipitia zote studioni. Karibu zote ziliishia kwenye mlingoti; katika moja tu, nusu ya uso wake ilionekana. Lakini ilikuwa picha mbovu, imeinama, na mdogo wake alikuwa amefumba macho. Aliitazama kwa muda mrefu, huku akimwonea wivu hata yule golikipa, aliyetokea nyuma mzima mzima. Lakini mama alikuwa ameomba kitu cha kukumbuka. Akachapisha ile nzuri, ya mdogo wake peke yake ndani ya goli.

Mama aliisogeza picha mpaka ikagusa pua.

"Imetulia," alisema. "Ona alivyokaa katikati, kama yuko mlangoni ananisubiri. Nani kaipiga?"

"Mimi, mama."

"Una mkono mzuri. Ungeingia na wewe."

"Niliingia, mama."

"Eeh," mama akasema, akimpapasa mdogo mtu shavuni kwa kidole, juu ya karatasi.

Mpiga picha akapanda kwenye kiti, akapigilia msumari, akaitundika picha, akainyoosha kulia kidogo. Akabaki pale juu ameishika ukingo, kana kwamba inaweza kuanguka.

"Sogea, mwanangu," mama akasema kutoka kitandani. "Unanikinga."

Akasogea.