Nani Mpangaji Hapa?

Nati ya nne ndiyo iliyokataa. Tatu zilishatoka, zimelala kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mafuta machafu, lakini ya nne ilikuwa imeshikana na bolti yake kama ndugu wenye siri. Hajira alipiga magoti kwenye vumbi la unga, akachomeka bomba kwenye mkia wa spana ili apate nguvu, akalikalia kwa uzito wake wote. Spana ikateleza. Vidole vikagonga ukingo wa zege, ngozi ikatoka kwenye vifundo viwili.

Hakulia. Alivinyonya, akatema unga na damu, akarudisha spana palepale.

Ilikuwa Alhamisi. Barua ya ofisi ya kijiji ilisema mwisho kesho, Ijumaa, saa sita mchana. Alishaisoma mpaka ikalegea kwenye mikunjo: mpangaji aondoe mali zote zinazohamishika, kisichohamishika kitahesabika kuwa sehemu ya ardhi. Hajira aliishia darasa la saba, ila hilo alilielewa. Kinu cha kusagia nafaka kikitoka, ni chake. Kikibaki, ni cha watu ambao hajawahi kuwaona sura.

Kinu chenyewe marehemu mumewe, Abubakary, alikitoa Nachingwea, kwa fundi mmoja aliyekirithi toka enzi za wazungu wa karanga. Wazungu wale nao walikuja na karatasi za kupewa ardhi. Wakafyeka pori zima, karanga zikawagomea, wakaondoka. Chuma kikabaki. Abubakary akakifunga hapa kijijini, pembeni ya barabara ya kwenda Mandawa, bolti nne na mifuko mitatu ya saruji, akasema hiki hakitoki hata ardhi itetemeke. Alisema kwa kujisifu. Sasa sifa zake zilikuwa zinamchuna mkewe ngozi.

Na ujue, kijijini hapa hakuna anayemwita Hajira. Wanamwita Mpangaji.

Jina alilipata kwa ukali wake. Watu wanaleta ndoo alfajiri, wanaziacha kwenye foleni, wanakwenda shamba. Ukikuta mwenye mashine mzembe, makopa ya muhogo yanatangulia, halafu mahindi ya mwenzako yanayofuata yanatoka na harufu ya uchachu wa muhogo. Watu wameshaachana kwa ugali wa namna hiyo. Kwa Hajira ni mahindi kwanza, mtama wa pili, makopa mwisho. Hata uje na ndoo ya dhahabu toka Namungo, kama ndani kuna makopa, unakaa nyuma.

Sasa mwaka jana walikuja wapima ardhi. Walikuwa na binti mmoja toka wilayani, anaitwa Lydia, mpole, kishikwambi mkononi. Akasimama mlangoni pa mashine, jua kali, watu wamejaa.

"Mwenye eneo hili nani?"

"Alishafariki," watu wakajibu.

Lydia akagusa kioo. "Haya. Na nani mpangaji hapa?"

Sikudhani, rafiki yake Hajira wa toka utotoni, mdomo wake haujawahi kutulia. Akadakia: "Mpangaji si huyu! Hapa hata mke wa mwenyekiti anapangwa."

Watu wakacheka mpaka wakashika ndoo. Lydia naye akacheka.

"Mpangaji tangu lini, mama?"

"Tangu tufunge mashine," Hajira akasema, na siku ile alikuwa amevimba kifua kabisa. "Miaka kumi na tisa."

"Weka dole gumba hapa."

Akaweka. Dole lilikuwa na unga, wakaliweka mara mbili.

Basi. Hivyo ndivyo alivyopoteza kiwanja, akicheka.

Jumatatu, barua ilipofika, alikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji, Eustakio, alisimama kabisa kumpokea. Kijana wa hapahapa, miaka thelathini na kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtendaji, hii karatasi imekosea."

"Karatasi haikosei, mama. Kaa." Akamgeuzia faili. "Si dole lako hili?"

"Langu. Lakini mimi napanga ndoo."

"Hapa imeandikwa mpangaji."

"Ndiyo mimi. Wa ndoo."

Eustakio akacheka, na alicheka kweli, siyo kwa ubaya. "Ukamwambie hivyo hakimu, ataanguka na kiti."

"Wewe si unajua? Umekua unaniletea ndoo ya mama yako. Nimekupanga wewe, na kaptula yako imetoboka nyuma."

"Najua, mama." Akafunga faili taratibu. "Ila mimi kujua siyo ushahidi."

Akaeleza. Kiwanja hakikuwa na mmiliki kwenye fomu, kwa hiyo kikarudi kwa kijiji. Kijiji kimempangisha mwekezaji wa ghala la ufuta na korosho, miaka thelathini na mitatu. Mkutano mkuu ulipitisha.

"Mkutano upi?"

"Ule wa siku ya mnada wa ufuta."

"Siku ya mnada nani alikuwa kijijini?"

"Mahudhurio yapo. Yana saini."

Hajira alipiga hesabu ya miaka. Ana hamsini na moja. Karatasi itakapoisha atakuwa na themanini na nne, kama hajaenda alikokwenda Abubakary.

"Usiumie sana," Eustakio akasema. "Ardhi ya nchi hii haina mwenyewe. Ni ya umma. Sisi wote ni wapangaji tu."

"Sasa mbona nahama mimi peke yangu?"

Mtendaji akasogeza mhuri, akaurudisha ulipokuwa. "Mwekezaji ni mtu mzuri. Ukimwomba vizuri anaweza kukuajiri. Si atahitaji mtu wa kupanga foleni?"

Ndiyo maana Alhamisi hiyo Hajira alikuwa chini na spana. Sikudhani akamkuta hapo.

"Shoga, mdomo wangu huu bora ungeoza siku ile."

"Shika bomba."

"Nilikuwa natania."

"Najua. Shika bomba."

Wakalikalia wote wawili, vibonge, miguu hewani. Nati haikusogea. Spana ndiyo iliyopanuka mdomo.

"Abubakary huyu," Sikudhani akasema akihema, "hakujua hata kuiba saruji kama mafundi wenzake."

Kicheko kikamtoka Hajira puani, kidogo, kikakatika.

Jioni akapita Shija na baiskeli yake, amefuata pumba za ng'ombe. Shija ni wale waliokuja na mifugo toka kanda ya ziwa. Mwaka wa kwanza watu walimnunia, lakini pumba ni pumba, wakazoeana. Akaiangalia nati, akaliangalia zege, akachuchumaa.

"Mayu," akasema, mama kwa lugha ya kwao, "hii hufungui. Hii unang'oa."

"Ning'oe na nini?"

"Maksai wangu wanang'oa visiki ambavyo babu yako alivikwepa. Kesho asubuhi naleta wanne."

Akawaleta. Saa mbili asubuhi walikuwa mlangoni, mnyororo umepitishwa kiunoni mwa kinu, nusu ya kijiji imesimama barabarani. Shija alipiga mluzi. Maksai wakainamisha shingo. Mara ya kwanza mnyororo ulilia tu. Mara ya pili sakafu ikapasuka ufa kuanzia ukutani. Mara ya tatu kinu kikatoka chote, na donge la zege chini yake, kama jino na mzizi.

Watu walipiga vigelegele. Kinu kikaburutwa, kikavuka mlango, kikalala ubavu, kikaendelea kuburuzwa kwenye vumbi. Mbele, hatua kama kumi na tano hivi, ilisimama bikoni, kile kijiwe cha mpaka walichopanda wapimaji. Ng'ambo ya pale ni kwa Sikudhani. Alishafagia uani, pa kukiweka.

Pikipiki ikasimama katikati. Eustakio alishuka, nyuma yake kijana wa mwekezaji, Enock, viatu visafi, daftari kwapani.

"Shikamoo mama."

Hajira alikuwa hana pumzi. "Marahaba."

"Hilo zege mnalipeleka wapi?"

"Nahamisha kinu. Barua ilisema kinachohamishika. Umekiona mwenyewe kinahama."

"Kinu nimekiona. Naulizia zege."

"Limeng'ang'ania. Nitalivunjia huko mbele."

Eustakio akamtazama Enock. Enock akatikisa kichwa.

"Zege ni sehemu ya ardhi, mama. Litoe hapahapa, kinu uende nacho mpaka saa sita. Sikuzuii."

"Mtendaji, ni donge tu la zege."

"Ardhi yote ni madonge."

Halafu akageuka, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza habari za nyumbani. "Shija, kibali chako cha malisho kinaisha lini vile?"

Shija alikuwa ameshika pembe ya maksai. "Mwezi ujao, mtendaji."

"Mwezi ujao," Eustakio akasema.

Shija akainama, akafungua mnyororo, akaukunja taratibu begani.

"Mayu..."

"Nenda. Ng'ombe wana njaa."

Vigelegele vilishakwisha. Barabara ikaanza kupungua watu, mmoja anakumbuka shamba, mwingine anakumbuka mtoto.

Hajira na Sikudhani wakabaki na nyundo na kipande cha nondo. Wakaligonga lile donge mpaka adhana ya Ijumaa. Walitoa vipande, vingine vya ukubwa wa ngumi, lakini moyo wa zege ulibaki umeikumbatia bolti ya nne. Abubakary hakuiba saruji. Saa sita Enock alikuja na kopo la rangi, akaandika namba nyekundu ya mali ya kampuni tumboni mwa kinu kilipolala. Akafunga mlango wa kibanda kwa kufuli jipya, ingawa ndani hakukuwa na kitu zaidi ya shimo.

Jumamosi alfajiri ndoo zilikuwa pale.

Labda wenyewe walilala shamba, hawakusikia. Labda walisikia, ila miguu imezoea, na Mandawa ni mbali na mzigo kichwani. Ndoo kumi na moja, zimeanzia mlango wenye kufuli, zimezunguka kinu kilicholala ubavu, mdomo wake umejaa umande. Wenye ndoo walisimama pembeni, kanga mabegani. Hajira alikuja pale kwa sababu hakujua kwingine pa kwenda saa hiyo. Akasimama karibu na Sikudhani.

Enock alitokea nyuma ya kibanda, daftari mkononi. Akazitazama zile ndoo, mstari ulivyonyooka.

"Hili ni eneo la kampuni," akasema. "Hizi ndoo nani kaziruhusu? Nani mpangaji hapa?"

Hakuna aliyecheka. Sikudhani aliziba mdomo kwa ncha ya kanga, akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Nauliza, nani mpangaji hapa?"

Hajira hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anaangalia ndoo ya tatu, ya bluu, isiyo na mfuniko. Makopa. Yamewekwa mbele ya mahindi ya watu wanane. Mkono ulikwenda wenyewe. Akainama, akaikamata kwa vile vidole vilivyochunika, akaipeleka mwisho, akasogeza zilizobaki zikae sawa.

"Aa," Enock akasema. "Kumbe ni wewe."

Akafungua daftari, akatafuta kalamu mfukoni.