Utamu wa Pweza wa Khamisa

Jumapili moja, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Mwatima na mjukuu wake Yusra walikaa kwenye mkahawa wa hoteli huko Matemwe, meza ya pembeni inayotazama pwani. Yusra ndiyo kwanza ameanza kazi kwenye duka la dawa Ng'ambo, na alikuwa amemuahidi bibi yake kwamba mshahara wake wa mwanzo watakwenda kulia pweza, tena wakiwa wamekaa mezani kama wageni. Mhudumu, mtu mzima wa hapo hapo kijijini aitwaye Mudrik, alimwona Bi Mwatima anakunja uso kwa jua, akaiburuta meza nzima mpaka kivulini bila ya kuombwa. Bi Mwatima akamwombea dua.

Pweza alikuja mzima kwenye sahani nyeupe, minyiri yake minane imetandazwa pande zote kama watoto wanavyochora jua, mchuzi wa nazi juu, ndimu pembeni. Yusra akampiga picha. Bi Mwatima akasema bismillahi, akakata kipande cha mnyiri, akatafuna. Alitafuna kwa muda. Alipoinua macho, Yusra naye alikuwa akitafuna huku akimtazama yeye.

"Unasikia nini?" aliuliza Bi Mwatima.

"Sisikii kitu, bibi."

"Hata chumvi?"

"Hata ndimu. Kama natafuna kiatu."

"Kiatu kina ladha ya kiatu. Huyu hata hiyo hana."

Meza ya pili, mume na mke kutoka nchi za nje walikuwa wakitafuna vivyo hivyo, kimya, wakiitazama bahari, ambayo ilikuwa nzuri.

Mudrik akaja akainama. "Mtusamehe, bi mkubwa. Pweza wa leo ni wa Khamisa. Utamu wake ushakwenda kwao."

"Kwao wapi?"

"Pale nyuma ya msikiti. Huyu wake akishatiwa chunguni tu, utamu huondoka."

Bi Mwatima akauliza mambo yalivyoanza, na Mudrik akamweleza huku akipangusa meza, kama mtu anavyoeleza kwa nini mtaani hakuna maji. Khamisa huvua pweza wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na mwamba kubaki wazi. Mapango ya pweza mwambani yana wenyewe. Mama humwonyesha binti yake. Na aliyekuonyesha pango, mnyiri mmoja wa kila pweza utakayemtoa humo ni wake mpaka afe. Haombi. Hukatwa ukawekwa kando. Khamisa alionyeshwa na mama yake, Bi Riyama, na miaka yote alimwekea. Kisha hoteli ikajenga ukuta, na njia ya kushukia mwambani ikawa ndani ya ukuta. Anayewauzia hoteli hupita, asiyewauzia hapiti. Na hoteli humtaka pweza akiwa kamili, kwa sababu wageni hupenda kumpiga picha na minyiri yake yote. Fungu la Bi Riyama likaishia hapo.

"Na mama mwenyewe yuko kitandani toka mwaka jana," alisema Mudrik. "Hataki kitu kingine. Aliacha kula kabisa, tukawa tunangoja tu. Ndipo utamu ukaanza kuhama. Sasa Khamisa humpikia wali mkavu, yeye huukuta una pweza. Anakula vizuri. Juzi kaomba na ukoko."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwatima. Akaendelea kutafuna, maana chakula hakitupwi.

Muda si mrefu Khamisa mwenyewe akatokea mlango wa jikoni, ndoo tupu mkononi, kanga zimelowa mpaka magotini. Alikuwa amemwachia mama mmoja wa jirani amlishe Bi Riyama, kwa kuwa yeye alicheleweshwa na maji ya bahari. Akapita kando ya meza yao.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Mwatima, akiinyooshea mkono sahani. Maisha yake yote hakupata kula mbele ya mtu bila ya kumkaribisha. Hata fundi aliyekuwa juu ya paa akigonga bati, alimkaribisha kwa kumpigia kelele kutoka chini.

"Ahsante bibi, nshakula," alijibu Khamisa, kama wanavyojibu wote, waliokula na wasiokula. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa chumvi.

Hapo hapo utamu ukarudi. Kwanza ilikuja chumvi, ikafuata nazi, kisha pweza mwenyewe. Yusra akaweka uma chini, akaanza kula kwa mkono. Yule mama wa meza ya pili akafumba macho. Meneja wa mkahawa, Makungu, alikuwa amesimama penye kaunta. Akawatazama wageni, akamtazama Khamisa, kisha akaja kwa Bi Mwatima, akamwamkia shikamoo kwa adabu na kumuuliza alisema nini. Bi Mwatima hakuwa na mazoea ya kumficha neno mtu aliyemwamkia vizuri.

"Nimemkaribisha tu, baba," alisema.

Walipomaliza walikwenda kumjulia hali mgonjwa. Walimkuta Bi Riyama ameegemezwa ukutani, sahani ya wali magotini, tonge liko mdomoni na halimezeki. Khamisa alikuwa amefika kabla yao, anampangusa kidevu kwa pindo la kanga.

"Alikuwa anakula," alisema Khamisa. "Mara wali ukamgeukia."

Bi Mwatima akakaa jamvini. "Ni mimi, mwanangu. Nimekukaribisha."

"Ungefanyaje, bibi? Uniache nipite kama mbuzi?"

"Ningenyamaza."

"Usinichekeshe. Mtu akila mbele yangu akanyamaza, huyo ndiye nitakayemchukia." Akamfunika mama yake miguu. "Kesho utamu utarudi. Si kila siku anakuja mtu wa kunikaribisha pale."

Lakini Makungu alikuwa mtu makini. Wiki ile ile kila meza iliwekwa kibao kidogo chenye neno karibu, na wahudumu wakawafundisha wageni namna ya kulitamka. Khamisa alishonewa gauni la buluu. Akishaleta pweza, hubadilisha nguo na kusimama kati ya meza mpaka wageni wamalize, na kila anayemkaribisha humjibu. Kukaa haruhusiwi. Kula pia haruhusiwi, kwa sababu wafanyakazi hawali na wageni. Aliambiwa asipotaka, anaweza kutafuta njia nyingine ya kushukia mwambani, na njia nyingine hakuna. Wageni walipendezwa sana. Waliandika kwenye mitandao kwamba hawajaona watu wakarimu kama watu wa Unguja.

Utamu haukuondoka tena jikoni. Bi Riyama akafunga mdomo.

Mudrik ndiye aliyempigia simu Bi Mwatima. Hakutumwa na mtu, aliona tu kwamba bibi yule angependa kujua. Bi Mwatima akaenda sokoni Darajani mapema, akachagua pweza mzuri, akamponda mwenyewe mpaka mabega yakamuuma, akampika kwa tui zito na kumpeleka Matemwe ndani ya hotipoti. Bi Riyama alionja. Alikiweka kipande shavuni, akakisikiliza.

"Mzuri huyu," alisema kwa sauti ndogo. "Mungu akulipe, dada yangu. Lakini si wangu."

Akakitoa kwa vidole, taratibu, asije akamvunja moyo.

Bi Mwatima akaenda hoteli peke yake, kabla ya wageni wengine kuja kula, akaagiza pweza. Alipomwomba Mudrik amfungie apeleke kwa mgonjwa, Mudrik aliangalia chini. Chakula kilikuwa hakitoki tena nje ya ukuta. Basi akabaki na sahani mbele yake, na Khamisa amesimama hatua chache kutoka mezani, gauni la buluu limepigwa pasi, macho yameingia ndani.

Bi Mwatima akainamisha kichwa na kuanza kula. Hakusema karibu. Neno lilimfika kooni, akalimeza pamoja na tonge, na likarudi tena kwa tonge la pili. Masikio yalimwaka moto kama ya mtoto aliyefumaniwa. Khamisa naye alikodolea macho bahari, akimsaidia kwa kutomtazama. Pweza hakuwa na ladha yoyote. Bi Mwatima alitafuna huo ukavu kwa moyo mkunjufu, na kwa kila tonge lisilo na ladha alijua kwamba nyuma ya msikiti wali unashuka. Akapunguza mwendo, ili mgonjwa apate kushiba.

Meza ya nyuma yake akaja akakaa mzee wa kigeni, mvi kichwa kizima, mwenye uso wa upole. Alikisoma kibao, akalirudia neno kimya kimya, kisha akamgeukia Khamisa na kutabasamu.

"Karibu, mama," alisema. Alilitamka vizuri.

"Ahsante, nshakula," alijibu Khamisa.

Kipande kilichokuwa mdomoni mwa Bi Mwatima kikawa kitamu. Hakupata kula pweza mtamu kama yule tangu azaliwe. Akavuta upande wa mtandio, akajifunika mdomo ili Khamisa asimwone anavyousikia utamu.