Ufito Wenye Uzi Mwekundu

Mgeni alisimama mlangoni, kofia mkononi, ufito ulioungua ncha kwapani. Ilikuwa mchana wa Agosti; hata mbwa wetu hakujisumbua kubweka.

"Naitwa Belmiro, natoka ng'ambo ya mlima," alisema. "Mwaka jana, siku ya sherehe yenu, huu uliangukia kwangu ukiwaka. Nilikuwa na misonobari. Nilikuwa na nyuki."

Ulikuwa ufito wa fataki, umezungushiwa uzi mwekundu. Kwenye milima yetu yote, mtu mmoja tu alifunga fataki kwa uzi ule: baba yangu, Adelino. Yeye ndiye aliyerusha fataki za kumheshimu Bikira kila mwaka mbele ya kanisa, nasi tukiinua nyuso kuzitazama zikipanda. Hakuna aliyewahi kutazama fito zinaangukia wapi.

"Sikuja kumshtaki mtu," mzee aliendelea. "Nimebaki na mzinga mmoja, na nyasi zimekauka. Msirushe mwaka huu, binti yangu."

"Hatutarusha," nilisema. "Nakuahidi."

Baba alikuwa shambani. Niliuficha ufito kabatini mwangu. Nilikuwa nimemaliza chuo mwezi Juni, nikiwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu kulinda misitu, lakini jioni, baba alipoketi kufunga fataki zake huku akipiga mluzi, sikupata hata sentensi moja. Nitamwambia kesho, nilijisemea. Nikajisemea hivyo mpaka sherehe ikafika.

Tulikuwa mbele ya kanisa, sanamu ya Bikira haijatolewa bado. Mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka ule.

"Leo atawasha binti yangu," aliwatangazia watu, akanipa sigara yenye moto ya kuwashia fataki. Uso wake ulikuwa umejaa fahari.

Niliutazama mlima. Kisha nikaitumbukiza sigara kwenye ndoo ya maua ya Bikira.

"Siwashi, baba. Na wewe usiwashe. Nakuomba."

"Adelino, chuo kimemfundisha mwanao kuogopa kiberiti," shangazi Celeste alisema, na watu wakaangua kicheko.

Baba hakucheka. Alinitazama akisubiri sababu. Sababu nilikuwa nayo, lakini kuitamka pale kungemvua nguo mbele ya kijiji kizima. Na nafasi ya kumwambia tukiwa wawili nilikuwa nimeipoteza kwa woga wangu mwenyewe. Baba aliinama, akaokota fataki moja baada ya nyingine, akashuka nazo nyumbani peke yake. Sanamu ikatoka bila mlio. Mpaka leo, nikikumbuka mgongo wake ukiteremka njia ile, uso huniwaka moto.

Hatukuwahi kuizungumzia siku ile. Kiangazi kilichofuata nilirudi nyumbani likizo kutoka kazini nikakuta nyanya zake zimesimamishwa kwa fito za fataki, zimefungwa kwa uzi mwekundu. Ufito wa mwisho, karibu na lango, ulikuwa umeungua ncha: ule niliouficha kabatini.

Baba alikuwa akimwagilia.

"Aliyeangukiwa na huu," alisema bila kugeuka, "yuko hai?"

"Yuko hai, baba."

"Basi mpelekee nyanya."

Kikapu kilikuwa tayari kimejaa, kando ya lango.