Mstari wa Tatu

…na mstari wa tatu kwenye kompyuta, ule mwekundu wa tofauti, umepanda kuliko yote miwili iliyouzaa, Kadzo anautazama kama mtu anavyotazama mvua ya mtaa wa pili, maji ya mdomoni mwa hori, bahari inapoingilia, yanapanda, ya ndani anakopima baba yanashuka, na maji ni yaleyale, yatapandaje huku yakishuka, na nyuma yake Bwana Musyoka, mwenye mradi wa kufuga kaa, yuko kwenye simu, anasema mdomoni kuna kifaa, kinajiandikia chenyewe usiku na mchana, hakina matata, matata ni mzee Nyale na kijiti chake cha kupimia maji, "anakaa kivulini anabuni namba, Jumatatu namtoa," hata sauti hakushusha, na binti wa Nyale ndiye huyu anayemchorea mistari, wala Kadzo hakuumia, baba si ndiye aliyesema muhula ujao utarudi shule, muhula ujao, muhula ujao, mpaka sketi ikamfaa Everlyne mdogo wake, mtu wa kubuni muhula atashindwa kubuni maji… karatasi yake hii hapa, tope limekaukia pembeni, limepasukapasuka, mtu wa kivulini hulitoa wapi tope, ameandika saa 1, saa 2, saa 3, naye Kadzo jana alizipachika hivyohivyo, moja kwenye moja, tatu kwenye tatu, lakini tatu ya kompyuta ni saa tisa usiku, saa tisa usiku baba anakoroma mpaka kuku wanashtuka… saa tatu ya baba ni jua la mgongoni, kompyuta huiita tisa, ala, sasa aliyekosea ni nani, akaishika safu ya baba yote, akaishusha visanduku sita, mawimbi yakalaliana, mwekundu ukaanguka, ukalala, si kabisa, umebaki mkunjo mdogo, maji ya ndani hupita kwanza mikokoni, huchelewa kidogo, kila siku huchelewa, lakini hufika… basi alisimama topeni kweli, hakubuni, na muhula ujao labda hakuubuni pia, labda aliungoja, kama yeye alivyoungoja, kila mtu kwenye mkeka wake…

"Bwana Musyoka," akasema, "baba hakukosea. Nimekosea mimi."

Musyoka akainua kidole, subiri, ndiyo, Jumatatu, anasema kwenye simu, mwekundu umelala palepale, simu haijaisha, Jumatatu haijafika, Kadzo akanyoosha mkono juu kama darasani, akauacha huko.