Hodi kwenye Saa ya Baba

Niliota usiku wa jana, wala sikuwa nimekula kitu kizito, kwamba niko kwenye foleni ya hospitali nimeshika bisibisi.

Hospitali najua ilikotoka. Leo asubuhi baba yangu, Mzee Mhina, alikuwa apelekwe kufanyiwa upasuaji wa jicho. La kulia lilizima zamani. Hili la kushoto, lenye ukungu, ndilo lililobaki, na likifungwa bendeji atakaa gizani mpaka daktari aseme basi. Aliniomba jambo moja tu: saa yake ya mkononi iwe inatembea, aisikie huko gizani. "Nikiisikia nitajua dunia haijafunga kazi," alisema.

Mimi ndiye fundi saa niliyebaki kwenye kibanda chetu hapa Korogwe, na aliyenifundisha ni yeye. Saa hiyo ikanigomea. Nimeifungua, nimeiosha, nimeitia mafuta, nimebadilisha skrubu moja iliyoliwa na kutu. Kila kitu kizima, na haitembei. Nililala nayo kichwani.

Basi foleni inasogea, mlango unafunguka, na mlango wenyewe ni mfuniko wa nyuma wa saa ya baba. Mapokezi amekaa skrubu.

"Shikamoo," nikamwamkia, maana sikujua umri wake.

"Marahaba," akajibu, ingawa nilimnunua juzi.

Ananitazama juu mpaka chini. "Una kingo," anasema.

"Kingo gani?"

"Viwiko. Mabega. Kisogo nacho si haba. Humu haingii mwenye ukingo mkali. Kila ukingo unakatwa hanamu, yaani mshazari, na kung'arishwa, mwanga upate pa kushukia. Ni utaratibu, sikuutunga mimi."

Sikubishana. Utaratibu huo naujua. Baba alinikalisha na tupa nikakata hanamu kingo za vipande vya shaba mpaka nikawa naona hata mkate una kingo za kukatwa. Ikaja mashine ya kung'arisha, gurudumu lenye miguu miwili, ikaanza na viwiko vyangu. Haikuuma. Viwiko vikang'aa kuliko sufuria za harusi. Ilipofika upande wa ndani, pale mkono unapokunjia, ikasimama.

"Hapo sifiki," ikasema. "Mimi ni mviringo, na hiyo ni kona ya ndani. Inataka mkono wa mtu."

"Apite hivyo hivyo," akasema skrubu. Kisha akashusha sauti. "Dada, nina ombi. Wenzangu wote humu ni wa buluu, mimi peke yangu mweupe. Kwenye kikao nilikaa nyuma kabisa."

Baba huchoma skrubu juu ya moto mdogo mpaka zigeuke buluu. Mimi sikuwa na moto, nikamweka kiganjani nikampulizia pumzi. Akageuka manjano ya majani makavu, akawa kahawia, akawa zambarau.

"Polepole," ananiambia. "Ukizidisha nitakuwa kijivu, na kijivu hakirudi nyuma."

Alipofika buluu nikaacha. Akajitazama kwenye kiwiko changu kwa muda mrefu. "Nashukuru," akasema, akanifungulia.

Ndani ni soko la Korogwe, ila ardhi yote ni chuma chenye mistari mipana ya mawimbi, ile mafundi waiitayo mistari ya Jeneva. Ardhi imekatika vipande vipande, na kila kipande ni daraja, kama yalivyo madaraja yanayoshika magurudumu ya saa. Kanuni ni kwamba mstari ukiishia kwenye daraja moja, uendelee palepale kwenye daraja linalofuata. Kumbe kanuni hiyo inahusu na maneno ya watu.

"Samahani mama, namtafuta baba yangu," nilimwambia muuza nyanya, "sijui—"

Akaniziba mdomo kwa kiganja, akanivusha daraja la pili. "Malizia."

"—yuko wapi?"

"Yuko chini," akasema. Tukavuka tena, na nyanya zake. "Chini ya uso wa saa."

Nikashuka, nikajikuta sebuleni kwetu, nyumba ile ya zamani ambamo baba alitukuta mimi na mama yangu. Mimi si mtoto wake wa kuzaa. Sakafu imejaa viduara vidogo vilivyokwaruzwa kwenye chuma, kila kimoja kimekalia jirani yake kidogo.

"Mbona mnakaa huku?" nikauliza. "Hakuna anayewaona."

"Tunashika vumbi," vikajibu kwa pamoja. "Likiingia linatukalia sisi, halifiki kwenye magurudumu. Mzee Mhina alitupiga kimoja kimoja, mwaka ule alioleta posa kwa mama yako."

"Akijua hamtaonekana?"

"Tutaonwa na fundi atakayefungua baada yake. Ndiye wewe. Umetuosha vizuri, tunashukuru."

Nilitaka kushukuru mimi, vikaniwahi. Nikabaki nimesimama juu yao nimevua viatu.

Katikati ya sebule limekaa gurudumu la mizani, lile linalopaswa kwenda na kurudi ili saa iishi. Limekunja mikono.

"Kwa nini hutembei?" nikaliuliza.

"Sijakataa. Nasubiri. Umeingia bila hodi."

Nikakumbuka. Baba hafungui saa ya mtu yeyote kabla hajagonga mfuniko kwa ukucha, mara mbili, akasema hodi. Wateja hucheka. Mimi nilidhani ni utani wake wa kuchangamsha kibanda.

"Yeye akibisha naitika, naanza kazi," likasema gurudumu. "Wewe umefungua mlango ukaniosha mgongo, hata habari za asubuhi hukuniuliza."

Nyuma yake kuna kipande cha chuma kilichosuguliwa mpaka kikawa kioo. Nikisimama hapa ni cheusi tii. Nikisogea kidogo ni cheupe. Nikatafuta mahali pa kusimama kiwe cheusi, na ndani yake nikamwona baba ameketi kwenye kigoda, macho yake yote mawili mazima, ameshika kijiti cha mti chenye dawa ya kung'arishia.

"Lete mkono," anasema.

Nikauingiza mkono kwenye kile cheusi. Akaanza kusugua kona ya ndani, taratibu, pale mashine ilipokwama.

"Baba, nakushukuru," nikamwambia. "Ulinikuta mtoto wa mwanaume mwingine, ukaniwekea kigoda karibu na chako. Hukuniuliza kama nina akili ya kazi. Ulinipa tupa tu. Kila ninachokula leo kimetoka kwenye kigoda kile."

"Sogea kidogo," akasema. "Unaniziba mwanga."

Nikasogea. Kipande kikawa cheupe, nami nikaamka.

Kumekucha. Saa iko mezani, kimya. Nikaangalia mlangoni kama kuna mtu, nikagonga mfuniko kwa ukucha mara mbili.

"Hodi," nikasema.

Ikakaa kidogo, kama mtu anayetafuta kanga ya kujifunga, kisha ikaanza kutembea. Sikuifungua kuangalia rangi ya skrubu. Ningelazimika kubisha tena.

Baba nilimkuta amevaa, amekaa kitandani. Akaiweka saa sikioni, akatulia.

"Ulipiga hodi," akasema.

"Nilipiga, Baba."

Akaivaa, akasimama, akanishika mkono kwenye mkunjo wa kiwiko, kama anavyonishika siku zote tangu ukungu ulipomzidi. Tukapiga hatua mbili tatu. Kidole gumba chake kikapita upande wa ndani wa kiwiko, kikasimama, kikarudi, kikapita tena.

"Sikudhani," akaniita kwa jina.

"Abee, Baba."

"Kona hii nani kakufanyia? Mashine haifiki hapa."

Nikamvusha kizingiti.

"Huyo fundi umemshukuru?"

"Nimemshukuru."

"Vizuri," akasema, na tukaenda hospitali.