Picha ya Pili

Adalbert aliamini kwamba nyumba yenye picha elfu ishirini zisizopangwa haina picha hata moja. Alifundisha takwimu katika chuo kimoja cha Bukavu, na nyumbani kwake Muhungu alitunza picha za familia kwa kanuni zile zile za kazini. Kila mwisho wa mwezi alizihamisha kutoka simu ya mkewe hadi kwenye kompyuta, akazipanga kwa mwaka na mwezi, akazinakili kwenye diski ya nje, kisha akaisafisha simu. Shemeji yake Guylain, mwenye duka la kuchapa picha huko Nyawera, alimtania kwamba hata siku ya kiyama malaika watamwomba ruhusa kabla ya kufungua kitabu.

Mpiga picha alikuwa Agathe, mkewe, na karibu picha zote zilikuwa za mapacha wao, Constantin na Philémon. Walikuwa na miaka mitano, na shule wangeanza Septemba. Walifanana hata majirani wakawaita wote wawili Mapasa, yaani mapacha, wasije wakakosea. Agathe alikuwa na desturi alizorithi kwa mama yake. Mapacha hawakai pamoja katika picha moja, wasije wakavutana. Akipewa mmoja, wa pili hupewa kile kile: shati la kitambaa kimoja cha kikwembe, kiti kile kile cha barazani, mkao ule ule. Tena kila jambo huanzia kwa mkubwa. Constantin ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo ndiye aliyeogeshwa kwanza, aliyepakuliwa kwanza, aliyekaa kitini kwanza. Akishuka yeye, anapanda Philémon.

Mwisho wa Mei diski ya kompyuta ilijaa. Adalbert alipata programu ya kuondoa picha zinazojirudia, nayo ikamwonyesha jozi baada ya jozi: kiti kimoja, shati moja, uso mmoja, sekunde chache katikati. Alikagua jozi kadhaa kwa makini, kama anavyokagua sampuli, akaona mtoto yule yule. Akaagiza ya kwanza ibaki na ya pili ifutwe. Diski ya nje nayo akaifanya ilingane na kompyuta siku hiyo hiyo, zilizofutwa huku zikafutika na kule, maana nakala isiyolingana na asili si nakala. Alimwambia mkewe kwamba sasa wana nafasi ya miaka mitatu. Agathe alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Alimpongeza bila kuacha mchi.

Wiki iliyofuata Philémon aliugua. Homa ilimpanda Jumapili, na Jumatano asubuhi alifariki hospitalini. Constantin hakupata hata mafua.

Watu walipojaa nyumbani kwa kilio, Guylain alikuja kuomba picha ya kuweka juu ya sanduku. Adalbert alimwita mkewe achague, kwa kuwa ni yeye aliyewatofautisha bila kusita: jicho la kushoto la Philémon lilikuwa dogo kidogo akicheka. Agathe alitazama.

"Huyu Constantin," alisema. "Huyu pia. Huyu pia."

Walirudi nyuma mwaka mzima, kisha mwingine, mpaka picha za uchanga. Adalbert alielewa kabla yake. Alielewa kama mtu anavyoona kosa katika hesabu aliyokwisha kuiwasilisha: mkubwa huanza, ya kwanza hubaki. Hapakuwa na bahati ndani yake: kila iliyofutwa ilikuwa ya Philémon.

"Wa pili ni Philémon," Agathe alisema. "Picha za pili ziko wapi?"

Akamweleza yote, kwa mpangilio, bila kujitetea. Agathe alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbele ya kufuta, uliangalia?"

"Niliangalia."

"Na uliona mutoto moja."

Adalbert akachukua simu kuwapigia ndugu.

Simu ilikuwa tupu tangu isafishwe, na nyumbani hapakuwa na picha iliyochapwa. Waliomba kwa ndugu, lakini ili kuokoa mega za intaneti Agathe alikuwa akiwatumia moja tu katika kila jozi, na sikuzote ile ya kwanza. Guylain aliijaribu diski kwa programu ya kurudisha vilivyofutwa. Vilitoka vipande vya kijivu: mguu wa kiti, mkono wa shati.

Basi Guylain akamvuta shemeji yake kando. "Papa Constantin, sura ni ile ile. Batu batalia, batazika, batarudi kwao. Nani atajua?"

Adalbert alikuwa mtu wa kumrudisha mwanafunzi mwaka mzima kwa tarakimu moja ya kubuni. Alitikisa kichwa kukubali.

Picha ililetwa ikiwa kubwa, ndani ya fremu, ikawekwa sebuleni kati ya maua. Kina mama waliokaa chini walianza kulia upya. Constantin akaingia, amevaa shati lile lile la kwenye fremu. Alisimama mbele yake, akaitazama kwa muda.

"Papa, ile ni miye."

Akamgeukia baba yake.

"Ya Philémon iko wapi? Miye nilishakaa. Sasa ni zamu yake."

Agathe aliinuka kwenye mkeka. Aliitoa picha ya mwanawe aliye hai, akaikumbatia, uso wake ukielekea kifuani, akaenda nayo chumbani. Philémon alizikwa chini ya msalaba wenye jina na tarehe mbili.

Agosti, Adalbert aliirudia kompyuta. Picha bado zilikuwa na namba zilizopewa na simu, na baada ya kila picha ya Constantin kitini namba moja ilikosekana. Zamani alikusudia kuzipa namba mpya zinazofuatana. Sasa aliziacha. Zile namba zisizokuwapo ndizo uthibitisho pekee uliobaki kwamba mtoto wa pili alikaa pale.

Alimwonyesha Agathe. Mkewe hakuwa akiongea naye sana siku hizo, lakini alivuta kiti. Aliweka kidole kwenye kioo, katikati ya picha mbili.

"Hapa alikatala kucheka. Jino lilikuwa linamuuma."

Adalbert alizoea kuuliza mtu amejuaje. Safari hii hakuuliza.

Kidole kilisogea. "Hapa alifunga vifungo vibaya, nikamuacha tu." Kikasogea tena. "Hapa alikuwa anaangalia kuku."

Kisha kikasimama. Agathe aliinamia kioo, akakaza macho mahali pasipo na kitu.

"Hapa sikumbuki," alisema.

Nje, Constantin alikuwa amekaa kitini peke yake. Agathe aliendelea kutazama, halafu polepole akaondoa kidole.