Drafti ya Marehemu

Kompyuta ya zamani ikiingia kwa mjomba, kitu cha kwanza ni kukata betri. Haijalishi imenunuliwa kwenye mnada wa ofisi, imeokolewa kwa wauza vyuma chakavu au imeletwa na mwenyewe. Mjomba hufungua skrubu, huinua kifuniko, hupuliza vumbi, kisha hutafuta kile kipipa kidogo cha buluu pembeni mwa bodi na kukikata kwa koleo, taratibu, kama anayemkata mtoto kucha. Betri zile zikizeeka huvuja, na maji yake hula bodi mpaka inaoza. "Ukimwachia mgonjwa jino bovu," huniambia, "kesho huna kichwa."

Mimi nilianza kwake kwa kuosha vibonye. Shule niliishia ya msingi, na mama aliponileta kwa kaka yake alisema neno moja tu: "Huyu hana papara." Nikawa nang'oa vibonye vya kibodi kimoja kimoja, naviloweka kwenye beseni la maji ya sabuni, navisugua kwa mswaki na kuvianika dirishani kwa mpangilio wake. Baadaye nikapewa bisibisi, baadaye chuma cha kulehemu. Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Mkewe huziita kompyuta zile wake wenza, na akitaka kupita na ndoo hupiga hodi kwanza, ati asije akamkuta mumewe faragha na mmojawapo.

Siku hiyo lori lilisimama mlangoni. Dereva akashuka na kompyuta iliyoviringishwa kwenye shuka, na nyuma yake bibi mdogo wa umbo, miwani minene, fimbo ameibana kwapani kama mwavuli.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Fundi yuko wapi? Nimemletea mume wangu."

Mjomba alichomoza kichwa nyuma ya meza, akamtazama dereva. Dereva akajikuna shingo.

"Mama, anza mwanzo basi. Watu watatushangaa."

"Wewe ndiye uliyemtia humo. Anza wewe."

Ikawa hivi. Baba yake dereva alikuwa mcheza drafti ambaye mtaa mzima ulimkimbia, si kwa kushinda tu, bali kwa mdomo. Alikula kete yako na akakusindikiza na maneno. Mwanawe alipokuwa kijana alisoma kompyuta kidogo, akaamua kutengeneza mchezo wa drafti ndani ya mashine ile. Mzee akavuta kiti. Kila jioni akawa anamwelekeza: hapa mimi singekula, hapa ningemwachia mtego, hapa mwambie hivi. Kijana akayaandika yote, mitego na masimango. Halafu maisha yakamvuta kwenye usukani, na yale aliyoyaandika yakamtoka kichwani. Mzee akafariki. Bibi akawa anacheza na mashine kila alasiri, hadi siku ilipokataa kuwaka.

"Sijawahi kumshinda," bibi alisema. "Alipokuwa hai, sikumshinda. Alipoingia humo, sikumshinda. Nilikuwa ndiyo nimeanza kumkaribia, akazima."

"Akazima mwenyewe?" mjomba akauliza huku anacheka.

"Ungemjua usingeuliza."

Mjomba akaiweka mashine mezani. Wageni walipokuwa bado wanakunywa maji barazani, yeye alikwisha kufungua skrubu, akainua kifuniko, akapuliza, akakata betri. Mkono ulikwenda wenyewe. Hata haikuwa imevuja.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mwepesi. Kwenye sanduku la umeme palikuwa na kapasita iliyopasuka, kile kijipipa cha kutunza umeme, tukaibadilisha, tukawasha. Feni ikazunguka. Diski ndani ikaguna kwanza, kama mtu anayeamshwa usingizini, ndipo ikaanza kuvuma. Maandishi yakatokea kwenye kioo. Mjomba akayasoma, akakaa chini.

"Nini?" nikauliza.

"Inasema haijui kama ina diski."

Nilimwangalia, naye akaangalia kile kipande cha betri juu ya meza. Mashine za umri ule hazitambui diski zenyewe. Lazima ziambiwe diski yao ni ya aina gani, katika orodha ya aina arobaini na kitu, na jibu hilo hukaa kwenye kumbukumbu ndogo inayolindwa na betri. Kwa kawaida hilo halitusumbui, tunasoma lebo juu ya diski tunaijaza upya. Lebo ya diski hii ilikuwa imeliwa na mende ikabaki gundi.

"Nimemsahaulisha mzee wa watu," mjomba alisema.

Na si hilo tu. Aliweka sikio juu ya diski, akasikiliza ile sauti, akanyanyuka polepole. "Imechoka hii. Ikisimama tena, sidhani kama itazunguka. Tusiizime." Akaenda kubeba betri ya gari na kile kifaa cha kugeuza umeme, akaviunganisha, ili umeme wa mtaa ukikatika mashine isijue. Kisha akatoka nje kumwambia bibi ukweli. Hilo nalipenda kwa mjomba: hana tabia ya kumsingizia mgonjwa.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yumo ndani, ila hamjui mlango."

"Ndiyo, bibi. Kosa ni langu."

"Basi bisheni hodi."

Kazi ile ilikuwa ya kukaa. Unachagua aina ya kwanza, unaianzisha mashine upya kwa vibonye bila kukata umeme, unangoja ihesabu kumbukumbu zake tarakimu kwa tarakimu, unangoja taa ya diski ipepese, unasoma jibu. Hakuna. Unarudi, unachagua ya pili. Hakuna. Mjomba alijaribu kidogo, akaanza kuruka. "Hii ya juu huku inafanana na za wakati ule. Au hii." Nikamwona anarudia aliyokwisha kuijaribu. Nikamwomba anipishe kiti.

"Utaziangalia zote?"

"Kwa zamu yake."

Nilichukua vibonye kutoka kwenye beseni. Kila aina niliyoimaliza nilihamisha kibonye kimoja kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Bibi alivuta kigoda akakaa kando yangu, fimbo magotini.

"Hujaolewa?" aliniuliza.

"Bado, bibi."

"Usiolewe na anayejua kucheza kitu. Olewa na anayependa kujifunza. Huyu wangu nikikosea alicheka, nikipatia alisema ameniachia." Taa ikapepesa, hakuna. "Lakini alikuwa ananingoja, unajua? Nina vyombo, nina watoto, anatandaza ubao na kungoja. Hakuwahi kucheza bila mimi."

Nilihamisha kibonye.

Alasiri ilikuwa imeanza kuingia dirishani nilipoona taa ya diski haipepesi tena, inawaka moja kwa moja. Diski ikakwaruza ndani. Kioo kikajaa majina. Bibi akasogeza miwani karibu mpaka pua ikakaribia kioo.

"Pale. DRAFTI. Ndiye huyo."

Mjomba alikuja mbio na kikombe mkononi. Nikaandika jina, nikabonyeza. Diski ikaenda, ikarudi, ikaenda, ikarudi. Halafu mashine ikauliza swali kwa Kiingereza chake cha kukatakata, mjomba akatufasiria: yaliyomo yameharibika, irekebishe? Ndiyo au hapana.

Nikasikia bibi anashusha pumzi. "Ameoza," alisema polepole. "Nimechelewa kumleta."

Mjomba akanyoosha kidole kwenda kwenye ndiyo. Namwelewa. Yeye ndiye aliyekata betri, na mtu aliyevunja akiulizwa kama anataka kurekebisha, atasema nini? Nikaufunika mkono wake kwa wangu juu ya kibodi.

"Mjomba. Itarekebisha kwa kutumia aina gani?"

Akanitazama. Kidole chake bado kilikuwa chini ya kiganja changu.

"Kama aina si yenyewe," nikasema, "itafuta isichokielewa."

Akauvuta mkono, akaufutia kwenye suruali. Nilipodhani amekasirika, akasema, "Mlango umefunguka nusu. Majina yako mwanzoni mwa diski, mchezo uko mbali zaidi. Hii aina ni ndugu wa ile tunayoitafuta, ila fupi, haifiki huko. Rudi kwenye orodha, mwanangu. Tafuta mwenye sura hii hii lakini mrefu zaidi."

Nilijibu hapana, tukarudi kwenye orodha, tukaipitia vichwa vimegusana. Walikuwepo ndugu wachache. Wa kwanza alikataa. Wa pili diski ikakwaruza, majina yakaja, na nilipogusa mchezo ule, kioo kikawa cheusi kitambo, kisha ubao ukajichora mstari kwa mstari, kete nyeupe na kete za kijani, na chini yake maandishi makubwa:

UMEKUJA? NILIDHANI UMEOGOPA.

Bibi akajishika kifua. Akavuta kigoda mbele, mkono tayari umefika kwenye kibodi.

"Bibi, subiri," nikasema. Ilinibidi. Kwa mjomba sheria ni nakala kwanza, furaha baadaye, na diski ile ilikuwa inaguna. Nikatoka kwenye mchezo, nikatia diski laini kwenye mdomo wa mashine. Bibi akatazama kioo kinavyonakili, uso umemvimba kama mtoto aliyenyang'anywa sahani.

"Siku zote mimi ndiye wa kungojeshwa katika nyumba hii," alisema.

"Nyumba hii si yako, mama," dereva alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amerudi na lori kumchukua.

"Alipo baba yako ndipo kwangu. Kaa chini."

Nakala ya kwanza ilikubali. Ya pili pia, na mjomba akaitia mfukoni mwa shati, akaufunga mfuko kwa kishikizo. Ndipo nikampisha bibi.

Nimeona watu wengi wakipokea mashine zao zilizopona. Wengi hupapasa kifuniko, husema imekuwa mpya. Bibi hakuigusa zaidi ya vibonye alivyovihitaji. Alicheza amekunja uso, akibonyeza kwa kidole kimoja, na kila alipoliwa kete kioo kilimsema. HIYO UMENIPA AU UMEISAHAU? Akajibu kwa sauti: "Kula tu, tutaonana." FIKIRI TARATIBU, SINA SAFARI. Dereva akacheka pale mlangoni, halafu akageuza uso akatazama barabara.

Mzee alikuwa na haraka ya kupata kingi, ile kete inayofika mwisho wa ubao na kutembea itakavyo. Bibi alimwachia njia. Akamwachia kete moja, akamwachia nyingine, mjomba akiguna kwa kila moja, hadi kete ya kijani ikafika mwisho na kuvikwa taji. Kioo kikaandika JIFUNZE. Bibi akabonyeza mara moja. Kete yake nyeupe ikaruka, ikaruka, ikaruka tena, ikala na lile taji. Ubaoni ikabaki nyeupe peke yake.

Tukangoja maneno. Hayakuja. Kile kistari kidogo kikawa kinapepesa chini ya ubao, kinapepesa, kisha kete zote zikajipanga upya kama vile hakuna kilichotokea.

"Imeharibika?" mjomba akauliza.

"Hapana," dereva akasema. "Nilimuuliza, baba, ukishindwa niandike nini? Akaniambia nisipoteze wino."

"Kompyuta haina wino."

"Ndivyo nilivyomwambia."

Bibi alicheka mpaka akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, akaivaa, akacheka tena. "Ndiye," alisema. "Hata hongera. Hata pole kwa kungoja. Anatandaza ubao tu."

Dereva akachungulia nje. "Mama, lori limeziba njia. Twende, fundi atamalizia, tutarudi kumchukua."

"Nenda ukalisogeze," bibi alisema, na alikuwa amekwisha kusukuma kete ya kwanza. "Mimi niko na baba yako."